Kufaktoraizi vipande viwili: anzia kwenye KKS unayoijua tangu shule ya msingi

Jioni nyingi nakaa barazani na watoto wa mtaani kwetu, wengi wako form two na form three, tunapiga hesabu mpaka giza linaingia. Kitu kimoja nimekiona miaka yote: mtoto anaejua kuzidisha vizuri kabisa, anaejua KKS (Kigawo Kikubwa cha Shirika) tangu shule ya msingi, akifika kwenye aljebra akaambiwa afaktoraizi anaganda. Hagandi kwa sababu hesabu ni ngumu. Vigawo alifundishwa kwa Kiswahili, alafu sekondari akakutana na jina jipya la Kiingereza, na hakuna alietulia kumwambia kwamba mtu ni yuleyule, kabadilisha shati tu. Kwaiyo leo naandika kwa lugha yetu, taratibu, kuanzia pale unapojua tayari. Chukua daftari na kalamu mana hesabu haisomwi kwa macho peke yake.

Kwanza tuelewane tunachofanya. Kufaktoraizi ni kuirudisha hesabu ya kuzidisha kinyumenyume. Nikikuambia vunja 15 utasema 3 mara 5. Nikikuambia vunja 6x + 15 nimekuuliza swali lilelile, vitu gani vilizidishwa vikaleta hiki? Jibu ni 3(2x + 5), na ukitaka kuhakikisha unafungua mabano, 3 mara 2x ni 6x, 3 mara 5 ni 15, umerudi ulikotoka. Basi. Mengine yote nitakayosema ni njia za kuviona hivyo vitu vilivyozidishwa pale vinapojificha.

Bainomia ni hesabu ya aljebra yenye vipande viwili vilivyotenganishwa na alama ya kujumlisha au ya kutoa. 6x + 15 ni vipande viwili. x² − 49 ni vipande viwili. Ila 6xy ni kipande kimoja, mana pale kati ya 6 na x na y kuna kuzidisha, na kuzidisha kunagundisha, hakutenganishi. Hili dogo usilidharau, nimeona watu wanahesabu herufi badala ya kuhesabu vipande.

Sasa, ukipewa vipande viwili unajiuliza maswali kwa mpangilio, na mpangilio wenyewe una maana kubwa kuliko fomula. Swali la kwanza kila siku, hata kama unaona fomula inakukonyeza: kuna kitu ambacho vipande vyote viwili wanacho kwa pamoja? Hiyo ndo KKS, Kigawo Kikubwa cha Shirika, ileile.

Chukua 12x³ − 18x². Upande wa namba, KKS ya 12 na 18 ni 6. Upande wa herufi, kipande cha kwanza kina x tatu zimezidishwa, cha pili kina x mbili, kwaiyo zinazopatikana kotekote ni mbili, yaani x². Hapa watoto wanachanganyikiwa sana, wanasema mwalimu mbona ni Kigawo Kikubwa alafu unachukua kipeo kidogo? Fikiria nyumba mbili zinaambiwa zitoe madumu ya maji kwa idadi sawa, nyumba moja ina madumu matatu na nyingine mawili. Idadi kubwa kabisa ambayo kila nyumba inaweza kutoa ni mawili, yule wa matatu atabakiwa na moja ndani. Ni hivyohivyo. Kwaiyo tunatoa 6x² nje, alafu kila kipande tunakigawanya kwa tulichokitoa: 12x³ kugawanya kwa 6x² ni 2x, 18x² kugawanya kwa 6x² ni 3.

12x³ − 18x² = 6x²(2x − 3)

Kosa la kwanza ninalolikuta kila wiki ni hili: 7y³ + 7y mtoto anaandika 7y(y²) alafu anafunga mabano. Ukimuuliza kile kipande cha pili kimeenda wapi anasema si nimekitoa chote. Kugawanya sio kutoa! 7y ukiigawanya kwa 7y unapata 1, haupati sifuri. Jibu ni 7y(y² + 1). Kanuni ya kujilinda ni rahisi, uliingia na vipande viwili basi ndani ya mabano lazima vibaki viwili, kimoja kikipotea umekosea.

Alafu kama kipande cha mbele kina hasi, itoe na hiyo hasi, alama za ndani zitageuka zote. −3x + 12 inakuwa −3(x − 4). Fungua uone: −3 mara x ni −3x, −3 mara −4 ni +12. Sawa kabisa.

Kwanini nasisitiza hili liwe la kwanza? Tazama 3x² − 75. Ukikurupuka unasema 3 haina kipeuo kizima, 75 nayo haina, basi haivunjiki, unaandika haiwezekani na unakosa maksi. Ila ukitoa 3 kwanza unapata 3(x² − 25), na ghafla kitu kilichokuwa kimejificha kinatokea peupe. Na hicho kitu ndo swali la pili.

Swali la pili: ni skwea kutoa skwea? Yaani kipande cha kwanza ni kitu kilichozidishwa chenyewe kwa chenyewe, cha pili pia, na katikati kuna alama ya kutoa. Kama ndiyo, mambo yamekwisha:

a² − b² = (a − b)(a + b)

Mi sipendi mtu aimeze hii bila kuona inatoka wapi. Fungua mabano taratibu: a mara a ni a², a mara b ni +ab, −b mara a ni −ab, −b mara b ni −b². Zile ab mbili moja ni ya kujumlisha na nyingine ya kutoa, zinauana, zinabaki a² − b². Ndo mana jibu lina vipande viwili tu badala ya vinne.

Na ukitaka kuiona kwa mikono, chukua boksi gumu ukate mraba wa sentimita 10 kwa 10. Kwenye kona ya juu kulia kata mraba mdogo wa 4 kwa 4 uuweke pembeni. Kilichobaki kina eneo la 100 − 16, yaani 84, na kina umbo baya baya la kona. Sasa kikate kwa mlalo usawa wa pale kona ilipoishia, utapata vipande viwili, cha chini kina urefu 10 na kimo 6, cha juu kina urefu 6 na kimo 4. Kigeuze kile kidogo kisimame, kibandike ubavuni mwa kikubwa. Una mstatili mmoja safi wa 14 kwa 6. Na 14 ni 10 + 4, 6 ni 10 − 4, na 14 mara 6 ni 84. Nimewafanyia watoto hii kwa boksi la sabuni na hakuna aliewahi kuisahau tena, nakushauri mzazi au mwalimu unaesoma hapa uifanye, inachukua dakika kumi. Hesabu za aina hii zilianza kuonyeshwa kwa maumbo toka zamani. Al-Khwarizmi, aliyeandika kule Baghdad karne ya 9, ambaye neno aljebra limetoka kwenye al-jabr ya kitabu chake, alieleza kila kitu kwa maneno bila alama hata moja ya x, na akathibitisha kwa kuchora miraba. Na al-jabr hiyohiyo Waarabu waliitumia pia kwa kuunga mfupa uliovunjika, kurudisha kitu kikawa kizima.

Turudi kwenye kazi. 49x² − 64. Kipeuo cha 49x² ni 7x, kipeuo cha 64 ni 8, alama ya kati ni kutoa, kwaiyo (7x − 8)(7x + 8). Mpangilio wa mabano haujalishi, anza na lolote. 25x² − 81y² ni (5x − 9y)(5x + 9y). Na 36 − y² ni (6 − y)(6 + y), hapa angalia usigeuze, 36 ndo iko mbele kwaiyo 6 inakaa mbele.

Ili uzione haraka inabidi skwea ziwe kichwani: 1, 4, 9, 16, 25, 36, 49, 64, 81, 100, 121, 144, 169, 196, 225. Hizi 15 zijue kama unavyojua majina ya ndugu zako. Kwa herufi kuna siri ndogo, kipeo chochote cha namba shufwa ni skwea. x⁶ ni skwea ya x³, mana x³ mara x³ ni x⁶, vipeo vinajumlishwa. Kwaiyo kutafuta kipeuo cha pili cha herufi ni kugawanya kipeo kwa 2. Hapa kuna mtego: x¹⁶ watu wengi wanasema kipeuo chake ni x⁴ kwa sababu wameona 16 macho yakawadanganya, sio, ni x⁸. Namba unatafuta kipeuo, kipeo unagawanya kwa mbili, ni vitu viwili tofauti usivichanganye.

Skwea yenyewe inaweza kuwa mabano mazima. Mfano (x + 3)² − 16. Usifungue mabano kwanza, utajichosha. Chukua x + 3 kama kitu kimoja: (x + 3 − 4)(x + 3 + 4), inakuwa (x − 1)(x + 7). Ila mabano yakiwa upande wa pili kuwa makini na alama, 9 − (x − 2)² inakuwa (3 − (x − 2))(3 + (x − 2)), yale mabano ya ndani yaandike kabisa usiyaruke, alafu ndo ufungue: (5 − x)(1 + x). Ukiruka hatua hiyo utaandika 3 − x − 2 na hapo umeshaharibu.

Sasa tuje kwenye jambo linaloniuma sana kwa sababu linawapotezea watoto maksi nyingi. x² + 9. Skwea JUMLISHA skwea. Hii haivunjiki. Kwa namba tunazotumia sekondari, namba halisi, haivunjiki, iache. Kila mara kuna mtu ataandika (x + 3)(x + 3). Fungua uone mwenyewe: x² + 3x + 3x + 9, yaani x² + 6x + 9, kuna 6x imezaliwa ambayo haikuwepo. Na ukijaribu (x + 3)(x − 3) unapata x² − 9, alama sio. Hakuna namna. Kuandika "haivunjiki zaidi" ni jibu kamili, usione aibu kuliandika.

Ila kabla ya kuandika hivyo rudi swali la kwanza. 4x² + 16 ni skwea jumlisha skwea, ni kweli, lakini KKS ipo, inatoka 4(x² + 4). Hapo ndo unasimama.

Swali la tatu ni la kyubu, vipeo vya tatu. Hapa zote mbili zinavunjika, ya kutoa na ya kujumlisha, na ndo tofauti kubwa na skwea:

a³ − b³ = (a − b)(a² + ab + b²)
a³ + b³ = (a + b)(a² − ab + b²)

Zinaonekana ndefu ila zina mtindo mmoja. Mabano madogo ni vipeuo vya tatu vyenyewe. Mabano makubwa ni skwea ya kwanza, alafu zidisha ya kwanza na ya pili, alafu skwea ya pili. Kinachowasumbua watu ni alama tu. Kama MAGAZIJUTO (mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa) ilivyotuokoa shule ya msingi, mi huwa nawapa watoto IKIJU: Ileile, KInyume, JUmlisha. Alama ya kwanza ni ileile ya kwenye swali, ya pili ni kinyume chake, ya tatu ni kujumlisha siku zote. Basi, ukiandika IKIJU pembeni ya karatasi hauhitaji kukariri fomula mbili.

Tuijaribu, 8x³ − 27. Kipeuo cha tatu cha 8x³ ni 2x, cha 27 ni 3. Mabano madogo, alama ileile: (2x − 3). Makubwa: skwea ya 2x ni 4x², hapo kinyume yaani kujumlisha, 2x mara 3 ni 6x, jumlisha, skwea ya 3 ni 9.

8x³ − 27 = (2x − 3)(4x² + 6x + 9)

Makosa mawili yapo hapa. La kwanza kuandika 2x² badala ya 4x², kumbuka unaipandisha skwea 2x yote na ile 2 yake. La pili ni kuandika 12x katikati kwa sababu umezoea kule kwenye (a + b)² ambako kuna 2ab. Huku ni ab, mara moja tu. Na kwa sababu ni ab mara moja, yale mabano makubwa huwa hayavunjiki tena kwa njia ya kawaida, usipoteze muda kuyahangaikia.

Mwingine, x³ + 125 = (x + 5)(x² − 5x + 25). Kyubu za kujua ni chache, 1, 8, 27, 64, 125, 216, 343, 512, 729, 1000. Na kwa herufi kipeo kinachogawanyika kwa 3.

Umeona 1 na 64 ziko kwenye orodha zote mbili, ya skwea na ya kyubu? Hapo ndo penye utamu. Chukua x⁶ − 64. Unaweza kuiona kama skwea, (x³)² − 8², au kama kyubu, (x²)³ − 4³. Uanzie wapi? Anzia skwea, nakwambia kwa uzoefu. Ukianza na skwea unapata (x³ − 8)(x³ + 8), alafu kila moja ni kyubu, unamalizia:

(x − 2)(x² + 2x + 4)(x + 2)(x² − 2x + 4)

Ukianza na kyubu unapata (x² − 4)(x⁴ + 4x² + 16), ile ya kwanza unaivunja fasta, ya pili inakukodolea macho. Inavunjika kweli, ila mpaka utumie ujanja ambao nitakuja kuugusa. Alafu x⁶ + 64 je? Kama skwea haivunjiki, ni ya kujumlisha. Lakini kama kyubu inavunjika vizuri tu: (x² + 4)(x⁴ − 4x² + 16). Kwaiyo ile sheria kwamba skwea jumlisha skwea haivunjiki uitumie baada ya kuuliza na swali la kyubu, sio kabla.

Swali la mwisho ndo linalosahaulika kuliko yote: nilichopata, kinavunjika tena? x⁴ − 16 mtu anaandika (x² − 4)(x² + 4) anaweka kalamu chini. Bado! x² − 4 ni skwea kutoa skwea, endelea: (x − 2)(x + 2)(x² + 4). Au 2x⁴ − 162, toa 2 kwanza, 2(x⁴ − 81), alafu 2(x² − 9)(x² + 9), alafu 2(x − 3)(x + 3)(x² + 9). Ni kama kuvunja 60, hauachi kwenye 6 mara 10, unaenda mpaka namba tasa, 2 × 2 × 3 × 5. Mabano yasiyovunjika ndo namba tasa za aljebra.

Na ile 2 ya mwanzo usiiache njiani tafadhali, watu wanaitoa nje mstari wa kwanza alafu mstari wa tatu imeshapotea.

Kuhakiki jibu ni lazima, na njia ya haraka kuliko kufungua mabano ni kuweka namba mahali pa x. Mi napenda 10 mana inahesabika kirahisi. Kwa 49x² − 64 weka 10: 4900 − 64 ni 4836. Upande wa jibu, (70 − 8)(70 + 8) ni 62 × 78, ambayo ni 4836. Zimelingana. Ila usiweke sifuri kabisa, tazama lile kosa la x² + 9 na (x + 3)(x + 3), ukiweka sifuri zote zinakupa 9 unadhani uko sawa, ukiweka 1 moja inakupa 10 na nyingine 16, kosa linajulikana papohapo. Na namba moja kulingana haitoshi kuwa ushahidi wa asilimia mia, ukiwa na muda jaribu mbili, au fungua mabano kabisa.

Wengine wataniuliza, haya yote ya nini? Swali zuri na linastahili jibu la kweli. Tazama mlinganyo x² = 5x. Wengi wanagawanya kwa x pande zote wanapata x = 5 wanafurahi. Wamepoteza jibu moja! Hamisha kwanza, x² − 5x = 0, toa KKS, x(x − 5) = 0. Vitu viwili vikizidishwa vikaleta sifuri lazima kimoja ni sifuri, kwaiyo x = 0 au x = 5. Ile sifuri ungeitupa bila kujua, mana kugawanya kwa x ni kudhani x sio sifuri.

Alafu paipu. Fundi ana bomba la zege, nusu kipenyo ya nje ni sentimita 10 na ya ndani ni 4, anataka eneo la zege kwenye mdomo wa bomba. Ni duara kubwa kutoa duara dogo, π × 10² − π × 4². Vipande viwili! Toa π nje, π(10² − 4²), vunja, π × 6 × 14, yaani 84π. Ile 84 ya boksi letu imerudi. Weka 22/7, jibu ni sentimita 264 za mraba, umeifanya kichwani bila kikokotoo.

Hata namba tupu zinanyenyekea. 76² − 24² ukifanya kwa kuzidisha utajaza nusu ukurasa, ukivunja ni 52 × 100, ni 5200. 103 × 97? Ni (100 + 3)(100 − 3), yaani 10000 − 9, 9991. Na kinyume chake, ukiulizwa 1591 ni namba tasa au la, angalia kama iko karibu na skwea: 1600 − 9. Ooh, ni 40² − 3², basi ni 37 × 43, sio tasa. Njia hii aliipanga Mfaransa Pierre de Fermat miaka ya 1640, akaivunja 2027651281 kwa mkono kwa kugundua kuwa ni 45041² − 1020², kwaiyo ni 44021 × 46061. Fikiria hapo hamna simu wala kompyuta, ni a² − b² hiihii ya form two.

Nilikuahidi ule ujanja. x⁴ + 4, vipande viwili, kujumlisha, KKS hamna, kyubu hamna. Inaonekana imekufa. Sasa jumlisha 4x² alafu toa 4x² hapohapo, haujabadilisha kitu: x⁴ + 4x² + 4 − 4x². Vile vitatu vya mwanzo ni (x² + 2)². Na 4x² ni (2x)². Kwaiyo una (x² + 2)² − (2x)², skwea kutoa skwea, na inavunjika kuwa (x² − 2x + 2)(x² + 2x + 2). Weka 10 uhakikishe, 10004 upande mmoja, 82 × 122 upande wa pili, ni 10004. Mi siku ya kwanza kuiona hii niliirudia mara tatu usiku huohuo. Ujanja huu unafanya kazi pale kile cha kati unachokihitaji kinatokea kuwa skwea yenyewe, ndo mana x² + 9 hauivunji, ukiongeza 6x ukatoa 6x, 6x sio skwea ya kitu. Na ile x⁴ + 4x² + 16 tuliyoiacha juu ni hivyohivyo, ongeza 4x² toa 4x², ijaribu mwenyewe itakuletea mabano yaleyale mawili tuliyopata kule.

Vipi namba zisizo na kipeuo kizima, kama x² − 7? Kama swali linaruhusu alama ya kipeuo unaandika (x − √7)(x + √7), ni sahihi kabisa. Kama linataka namba nzima tu, haivunjiki. Sehemu zenyewe hazina shida, x² − 1/4 ni (x − 1/2)(x + 1/2).

Haya kazi ya leo, fanya bila kuchungulia chini: 14x² − 21x, alafu 16x⁴ − 1, alafu 5x³ + 40, alafu x² + 49, alafu 18x³y − 8xy³, alafu (x − 1)² − 25, alafu 88² − 12², na kwa wenye moyo, x⁴ + 64.

Majibu. Ya kwanza 7x(2x − 3). Ya pili (2x − 1)(2x + 1)(4x² + 1), ukiishia kwenye (4x² − 1)(4x² + 1) rudi usome pale pa namba tasa. Ya tatu 5(x + 2)(x² − 2x + 4). Ya nne haivunjiki. Ya tano 2xy(3x − 2y)(3x + 2y), hii ndo nzuri kuliko zote mana bila KKS haionekani kabisa. Ya sita (x − 6)(x + 4). Ya saba 76 × 100, 7600. Na x⁴ + 64, ongeza 16x² utoe 16x², inakuwa (x² + 8)² − (4x)², kwaiyo (x² − 4x + 8)(x² + 4x + 8).